Malkia, Mtoto na Siri: Kwa Nini Mashabiki wa Once Upon a Time Hawajamaliza Kumhukumu Regina

Katika sehemu ya pili ya msimu wa tano wa tamthilia ya runinga ya Once Upon a Time kuna dansi kwenye kasri la Camelot. Regina, aliyewahi kuitwa Malkia Mwovu, ametambulishwa kwa Mfalme Arthur kama Mwokozi. Mwokozi wa kweli ni Emma, lakini Emma amebeba giza na hakuna anayetaka wenyeji walijue hilo. Kijana mmoja wa Arthur, Percival, anamwomba Regina wacheze. Wakiwa wanazunguka ukumbini anamsimulia habari za kijiji chake kilichoteketezwa alipokuwa mtoto, na za mwanamke aliyekiteketeza. Kisha anamjulisha kwamba anamtambua. Anachomoa upanga. Robin Hood, mpenzi wa Regina, anajitupa katikati, anachomwa. David, mume wa Snow White, anamuua Percival. Kuanzia hapo kila mtu ukumbini, na kila mtu aliye mbele ya runinga, ana wasiwasi mmoja tu: Robin atapona?

Percival alikuja na shtaka akaondoka maiti, na shtaka lake likazikwa naye. Nilipoitazama sehemu hiyo mara ya kwanza, nami nilikuwa na wasiwasi juu ya Robin. Ilinichukua muda kuona nilivyochezewa.

Naanza hapo kwa sababu ubishi wa mashabiki wa tamthilia hii, wanaojiita Oncers, huonekana kwa mgeni kama kelele za watu wasio na kazi. Je, Regina alistahili kusamehewa? Snow White alikuwa na kosa gani kwa kifo cha Daniel, mpenzi wa kwanza wa Regina? Nani mbaya zaidi, Regina, mchawi Rumplestiltskin au haramia Hook? Tamthilia ilimalizika Mei 2018 na maswali haya bado yanazozaniwa kana kwamba kesi inasikilizwa kesho asubuhi. Hawabishani kwa kukosa akili. Wamepewa jalada la kesi ambalo limepangwa na upande mmoja, na kila anayelisoma huhisi kuna karatasi zimepungua, ila hakubaliani na mwenzake ni zipi.

Kwa asiyeijua, tuipitie haraka. Once Upon a Time ilianza kuonyeshwa na ABC ya Marekani tarehe 23 Oktoba 2011, ikaenda misimu 7, sehemu 155. Waliobuni ni Edward Kitsis na Adam Horowitz. Malkia Mwovu anatoa laana inayowahamisha wahusika wote wa ngano hadi mji mdogo wa Storybrooke, jimboni Maine, ambako hawakumbuki wao ni nani na saa haisogei kwa miaka 28. Malkia ni meya, Snow White ni mwalimu anayeitwa Mary Margaret, na mumewe, Prince Charming, yaani David, ni mgonjwa asiye na fahamu hospitalini. Binti yao Emma, aliyeokolewa akiwa mchanga, anafikishwa mjini na mvulana wa miaka kumi, Henry, mtoto aliyemzaa na kumtoa alelewe na wengine. Aliyemchukua na kumlea ni Regina. Mengine yote yanachipuka hapo.

Sasa tazama ngano yenyewe ilivyokuwa. Ndugu wawili Grimm walipoichapisha habari ya Snow White mwaka 1812, mwanamke aliyetaka binti auawe alikuwa mama mzazi. Katika toleo la 1819 wakambadilisha awe mama wa kambo, pengine ili umama usichafuke. Mwisho wake ukabaki uleule: anavishwa viatu vya chuma vilivyopashwa moto hadi vikawa vyekundu, anacheza navyo mpaka anakufa, harusini. Hakuna aliyeuliza utoto wa malkia ulikuwaje. Tulichofundishwa darasani kuhusu mhusika bapa ndicho hiki: ana sifa moja, wivu, na kazi moja, kutisha. Ukimhurumia, ngano nzima inavunjika.

Tamthilia ilifanya jambo ambalo ngano haiwezi kulivumilia. Ilimchukua mhusika bapa ikamfanya mhusika duara, na ikatumia mbinu rejeshi kila wiki: nusu ya sehemu iko Storybrooke, nusu iko zamani. Mpangilio wa habari ndio ujanja wenyewe. Katika sehemu ya pili kabisa ya msimu wa kwanza tunamwona Regina akiung'oa moyo wa baba yake, mtu pekee anayempenda, kwa sababu laana inadai moyo wa unachokipenda kuliko vyote. Tunaona kitendo kwanza. Sababu inakuja katika sehemu ya 18. Yaani umemchukia mtu kwa miezi kadhaa, kisha shahidi wa mwisho anaitwa kizimbani, naye analia. Shahidi wa mwisho ndiye hubaki masikioni.

Na hapo ndipo maswali matatu yanapojikunja kuwa fundo moja. La kwanza ni kwa nini alitenda. La pili, nani wa kulaumiwa. La tatu, je, deni limelipwa? Mtu mmoja anaandika, "Regina aliumizwa akiwa msichana," akijibu la kwanza. Mwenzake anamjibu, "Ameua vijiji," akijibu la pili. Wa tatu anaingia na kusema, "Lakini amebadilika," ambalo ni jibu la swali la tatu. Wote watatu wamesema kweli na wote wanaondoka wakiamini kwamba wengine ni viziwi.

Lugha yetu yenyewe haisaidii sana. Tunasema "nia" tukimaanisha alichokusudia mtu kufanya, na tunasema "nia" hiyohiyo tukimaanisha kilichomsukuma akifanye. Mahakama huvitenganisha. Aliyeiba mkate kwa njaa na aliyeuiba akauze wote walikusudia kuiba. Kilichowasukuma ni tofauti, na tofauti hiyo huja kupimwa zaidi wakati wa kupanga adhabu kuliko wakati wa kuamua kama wameiba. Uchungu wa Regina ni kichocheo. Hauondoi ukweli kwamba alipoamuru watu wauawe alikusudia wafe. Kuna udhuru, kuna uhalali, na kuna huruma, na mabishano mengi ninayoyaona ni ya watu wanaotoa huruma kisha wanaandikia risiti ya uhalali.

Twende kwa Daniel, maana hapo ndipo jalada lote linapoanzia.

Regina ni msichana anayempenda Daniel, mtunza farasi wa nyumbani kwao. Mama yake, Cora, anataka binti awe malkia. Siku moja farasi wa msichana mdogo anapagawa. Regina anamkimbiza na kumwokoa mtoto. Mtoto ni Snow, binti wa Mfalme Leopold, na mfalme kwa shukrani anamposa mwokozi. Regina anapanga kutoroka na Daniel. Snow anawaona wakibusiana, Regina anamwomba atunze siri, mtoto anaapa. Kisha Cora anakaa na mtoto yule, ambaye mama yake amekufa, na kumwambia kwa upole jinsi anavyoogopa kumpoteza binti yake. Snow, akidhani anampatanisha mama na mwana, anafungua mdomo. Cora anaung'oa moyo wa Daniel na kuusaga kuwa vumbi mbele ya Regina.

Baadaye Regina anatambua hata farasi yule hakupagawa mwenyewe. Cora ndiye aliyempanga. Kwa hiyo anajua. Anajua aliyepanga, aliyehadaa na aliyeua ni mtu mmoja. Halafu anamchukia mtoto.

Kuna mashabiki wanaosema Snow ana sehemu ya kosa, kwa kuwa aliapa na akavunja kiapo. Siwezi kwenda nao. Mtoto wa umri ule hakuahidi akijua kuna maisha ya mtu ndani ya ahadi, na aliyemchokonoa alikuwa mtu mzima aliyejua hasa wapi pa kubonyeza. Alisababisha, ndiyo: bila maneno yake Daniel asingekamatwa usiku ule. Lakini kusababisha na kuwa na hatia ni vitu viwili. Mlango uliosahauliwa wazi ni sababu ya wizi. Mwizi ni yule aliyeingia.

Swali ambalo naliona zito kuliko la Snow ni hili: kwa nini chuki ikaenda kwake? Jibu langu ni kwamba kumchukia Snow kulikuwa rahisi. Kumchukia Cora kulimtaka Regina akubali kwamba mama yake hampendi, au anampenda kwa namna inayoua. Wahenga walisema mwana umleavyo ndivyo akuavyo, na ni kweli kwamba Regina aliukulia mkono wa Cora. Lakini anamsukuma Cora kwenye kioo cha uchawi hadi ulimwengu mwingine na bado, miaka na miaka, anatamani mama huyo amkumbatie. Chuki ilihitaji mahali pa kukaa. Snow alikuwa karibu, alikuwa mdogo, na alikuwa anapendwa na kila mtu. Ukilielewa hili unauelewa uovu wa Regina vizuri kuliko kwa maneno "alivunjika moyo", na wakati huohuo hupati hata chembe ya kumwondolea lawama. Kuelewa si kusamehe, ingawa tamthilia hutaka uchanganye.

Mkono mwingine uko gizani, wa Rumplestiltskin. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Rumple ndiye aliyeitengeneza laana, kwa sababu moja tu: kufika ulimwengu usio na uchawi alikopotelea mwanawe, Baelfire. Mwana alipata harage la uchawi ili waondoke pamoja waishi bila giza. Baba, shimo lilipofunguka, akaogopa na kuuachia mkono wa mtoto. Basi karne nzima na zaidi ya ujanja inatokana na vidole vilivyolegea kwa muda mfupi. Ilibidi apatikane mtu mwenye hasira ya kutosha kuitoa laana, na Rumple alimtengeneza mtu huyo. Katika sehemu ya tano ya msimu wa pili tunaona alivyofanya. Regina bado ana tumaini kwamba Daniel anaweza kufufuliwa. Rumple anapanga na wenzake igizo la kufufua linaloshindwa makusudi, ili tumaini life. Linakufa.

Wanaomtetea Regina husimama hapa na kusema, unaona, aliandaliwa. Ni kweli, aliandaliwa. Lakini endelea kutazama sehemu hiyohiyo: Regina anarudi kwa Rumple, anamkuta na mwanafunzi mpya, na anaung'oa moyo wa mwanafunzi huyo na kuuponda ili kuonyesha kwamba yuko tayari. Yule mwanamke hakumkosea kitu. Hakuna aliyemshika Regina mkono. Na katika msimu wa tatu tunaonyeshwa kwamba kichimbakazi Tinker Bell alimpeleka mpaka mlangoni pa kilabu alimokuwa amekaa mtu ambaye angempenda, mwenye chapa ya simba mkononi; Regina akaogopa, akageuka, akakimbia. Mtu anaweza kuwa amewekewa mitego njia nzima na bado kukawa na pembe alizokata mwenyewe. Rumple ana hatia ya kuandaa. Regina ana hatia ya kutenda. Hatia si mkate, ukimkatia mmoja kipande kikubwa haimaanishi cha mwenzake kimepungua, na nadhani nusu ya ugomvi wa "nani mbaya zaidi" ingeisha hapo kama watu wangeacha kugawana.

Nusu nyingine, tuseme ukweli, ni mapenzi. Wapo waliojiita Evil Regals, waliosimama na Regina. Wapo waliotaka Emma aishie na Hook, na wapo waliotaka aishie na Regina. Ukishachagua nani amwoe nani, hukumu nyingi zinajiandika zenyewe. Hook alimuua baba yake David, mtu aliyemkuta tu, kwa kuwa hakutaka kuacha shahidi. Msimu wa sita ukatuonyesha. Mashabiki walewale waliokuwa wakisoma orodha ya waliouawa na Regina kwa sauti kubwa waligundua ghafla thamani ya toba. Upande wa pili nao vivyo hivyo.

Lakini kuna fundo ambalo ni la tamthilia hii hasa, na hakuna ushabiki unaoweza kulifungua: mtu asiyemiliki moyo wake, au kumbukumbu zake, anahesabiwa vipi?

Chukua la kumbukumbu kwanza, ni jepesi. Katika msimu wa kwanza David anazinduka, anaambiwa mkewe ni Kathryn, na anajikuta anampenda Mary Margaret. Ni wazinzi? Ndoa ya Kathryn imepandikizwa na laana, ndoa ya kweli ni na Mary Margaret, wao hawajui. Kwa hiyo mapenzi yenyewe siyahesabu. Ila David alimdanganya Kathryn, akamdanganya na Mary Margaret juu ya alichomwambia Kathryn, na uongo huo haukupandikizwa na mtu. Laana ilimpa jina jipya. Woga alikuwa nao mwenyewe.

La moyo ni zito, na jina lake ni Graham.

Graham ndiye mwindaji aliyetumwa kumuua Snow akamwachia. Kwa adhabu, Regina aliung'oa moyo wake na kuuweka kwenye sanduku, na mwenye kuushika moyo wa mtu humwamuru atakavyo. Storybrooke Graham ni sherifu, na usiku huenda kitandani kwa meya. Ameitwa, hawezi kukataa, wala hajui kwamba hawezi kukataa. Anapoanza kukumbuka, akiwa na Emma, Regina anauponda moyo ule, naye anaanguka na kufa. Neno la alichofanyiwa Graham lipo na kila mtu mzima analijua. Mashabiki wengi, hata baadhi ya wanaompenda Regina, wanalisema. Kisha wanauliza kwa nini tamthilia haikukaa nalo, hasa kwa kuwa ilikuja kuonyesha jambo la aina hiyo tena katika msimu wa nne, Zelena, dada wa Regina, alipojigeuza sura ya Marian, mke wa Robin Hood, na kupata mimba ya Robin. Graham anakufa katika sehemu ya saba ya msimu wa kwanza. Zinabaki sehemu 148, na ndani yake mwenye kumuua anaoneshwa akilia kwa mambo mengi.

Ndipo narudi kwa Percival, maana nadhani tatizo ni lilelile. Tamthilia hii ni karimu sana kwa sababu za watenda maovu na bahili sana kwa waliotendewa. Regina anapewa sehemu nzima, muziki, machozi, sura ya ujana, na uigizaji wa Lana Parrilla ambao ungeweza kumtetea hata mamba. Wanakijiji wanapewa nini? Katika sehemu ya 20 ya msimu wa pili Regina, kwa uchawi wa Rumple, anavaa sura ya mwanamke wa kawaida, anaumia, na Snow anamwokoa bila kumjua. Snow anamwambia kwamba malkia aliwahi kumwokoa maisha, na kwamba bado anaamini kuna wema ndani yake. Regina anakaribia kuyeyuka. Kisha wanatokeza mahali penye maiti zilizolundikana, wanakijiji waliouawa kwa amri ya malkia, na Snow anabadili neno: hakuna wema. Ni tukio kali, labda bora kuliko yote kuhusu hatia katika misimu saba. Lakini angalia kamera iko wapi. Inatazama uso wa Regina, jinsi alivyoumia kwa kupoteza msamaha. Maiti ni mandhari.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Na katika hadithi, binadamu ni yule tunayemwona uso.

Si Regina peke yake anayenufaika. Mashujaa nao wana mahesabu yao, na wanaomtetea Regina wana haki ya kuyataja. Snow na David, wakiogopa Emma asije akazaliwa na giza, walichukua yai la Maleficent, mchawi anayeweza kugeuka joka, na kukubali giza lile lihamishiwe kwa mtoto aliyekuwa ndani yake. Mtoto akatupwa ulimwengu mwingine bila wao kukusudia, na wao wakalificha jambo hilo mpaka lilipofichuka msimu wa nne. Geppetto naye alijua kabati la uchawi lingeweza kubeba watu wawili. Akamfichia Snow, ili nafasi moja impate mwanawe Pinocchio. Emma akakua bila mama kwa sababu ya fundi mpole ambaye hakuna anayemzomea. Upole wa uso nao ni wakili.

Kati ya makosa ya mashujaa, linalonishughulisha zaidi ni Snow kumuua Cora. Cora amemrusha Johanna, yaya wa Snow, kutoka mnara wa saa. Amekiri pia kumuua mama yake Snow. Sasa anakaribia kunyakua nguvu zote za giza. Snow anatumia mshumaa wa uchawi, lakini ili uue, moyo wa Cora, alioutoa mwenyewe zamani, lazima urudishwe kifuani. Anamwendea Regina, anamwambia kwamba moyo ukirudi, mama yake ataweza kumpenda kweli. Regina anaurudisha kwa mikono yake. Cora anatabasamu, anamwona binti yake kwa upendo kwa mara ya kwanza, na anafia mikononi mwake.

Weka tukio hili kando ya lile la Daniel. Cora alitumia kiu ya mtoto kwa mama ili kumfanya Snow atoe siri iliyoua. Snow, miaka mingi baadaye, anatumia kiu ileile ya Regina ili kumfanya aue bila kujua. Amejifunza somo lile lile, akalirudisha kwa mwenye nalo. Mashabiki wanaobishana kama Cora alistahili kufa wamekosa mahali pa kuchimba, kwa maoni yangu. Kifo cha Cora kinaweza kutetewa kwa hoja nzito. Kisichoteteka ni kumfanya binti awe kisu. Na Snow mwenyewe analijua, ndiyo sababu sehemu inayofuata haamki kitandani, kisha anakwenda mlangoni kwa Regina na kumwomba amuue. Regina anaung'oa moyo wake na kumwonyesha: kuna doa jeusi.

Doa hilo limezua mzozo wake. Snow ameua mara moja kwa hila na moyo umeota doa. Je, tunafananisha na nani? Hapo kuna kitu ambacho wengi wanaomhurumia Snow, na wengi wanaomhurumia Regina, hukiona kijinga: tamthilia inampima mtu kwa jinsi anavyojisikia. Anayejutia sana ana doa. Asiyejutia anapewa mzaha mzuri na gauni zuri. Kwenye Neverland, katika msimu wa tatu, Peter Pan anawafunga Emma, Snow na Regina kwenye mti unaowashika watu kwa majuto yao. Regina anasema wazi kwamba alitoa laana iliyoangamiza watu wengi, alitesa, aliua, na kwamba alipaswa kufurika majuto, lakini hana, kwa sababu yote hayo yalimpatia mwanawe. Kamba zinakatika. Ni mstari wa kusisimua na nilipiga makofi. Pia ni mtu anayesimama juu ya makaburi na kusema yamempa mwinuko mzuri.

Hilo la tatu, la deni, ndilo limebaki bila jibu. Katika misemo yetu toba ina miguu kadhaa: uache, ujute, uazimie kutorudia, na kama ulidhulumu mtu, umrudishie haki yake au umwombe radhi. Regina aliacha, hilo halibishaniwi. Alijitoa mhanga zaidi ya mara moja, na busu lake kwenye paji la uso wa Henry liliwahi kuvunja laana. Mguu wa mwisho ndio unaochechemea. Mwishoni mwa msimu wa tano anatumia dawa ya Jekyll kumtenga Malkia Mwovu atoke mwilini mwake na kuuponda moyo wake, kana kwamba aliyeua vijiji alikuwa mpangaji tu. Waandishi, kwa sifa yao, hawakuliacha hivyo: Malkia anarudi, na katika msimu wa sita Regina anamaliza kwa kukubali kurudishiwa sehemu ya chuki yake na kumpa mwenzake sehemu ya upendo. Nililipenda suluhisho hilo. Ila tena, ni mapatano kati ya Regina na Regina. Na katika sehemu ya mwisho kabisa anavishwa taji, kwa ridhaa ya watu. Watu gani, wenye makaburi yapi, hatukuulizwa.

Kuna sehemu moja ninayowashauri wanaobishana waitazame pamoja kabla ya kuanza kutukanana. Ni ya 17 ya msimu wa pili, ileile ya doa la Snow. Wakati wa mbinu rejeshi tunapelekwa mwaka 1983. Storybrooke imetokea ghafla msituni, na mtu mmoja aitwaye Kurt alikuwa amepiga kambi hapo na mwanawe mdogo, Owen. Regina anamwona mtoto, anampenda, anataka abaki naye. Baba anakataa. Graham, akiamriwa kwa moyo wake, anamkamata Kurt. Mtoto anakimbia na kuvuka mpaka wa mji, anarudi na polisi, na pale palipokuwa na mji hawaoni kitu. Regina amesimama upande wa pili akilia, na sisi tunalia naye, kwa sababu ni mpweke.

Owen alikua. Aliporudi Storybrooke alikuwa mtu mzima mwenye jina jingine, Greg, na swali lilelile la utotoni. Alimfunga Regina kwenye meza, akampitishia umeme, akimuuliza baba yake yuko wapi. Kwa hiyo tulimjua kama adui, na mwanzoni mwa msimu wa tatu kivuli cha Pan kilimtoa roho bila wengi wetu kusikitika. Lakini kabla ya hapo, mezani, Regina alimjibu. Alimwambia kwamba baba yake alikwisha kumuua zamani, na kwamba amezikwa palepale walipokuwa wamepiga kambi.